Ulikuwa Umevaa Ndala?

Kwenye nyumba tunayopanga, mtu akipigwa shoti haulizwi kama ameumia. Anaulizwa, "Ulikuwa umevaa ndala?" Akijibu hakuvaa, watu wanaguna kwa kuridhika na kurudi kwenye shughuli zao. Kesi imekwisha, kajitakia mwenyewe. Akijibu alivaa, ndipo kikao kinapoanza, maana hapo imani yetu nzima imetikiswa. Labda ndala zenyewe zilikuwa feki. Labda zimelika kisigino. Labda alivaa mguu mmoja, ule mwingine umekatika kamba. Waya uliomrusha, ambao tangu Ramadhani iliyopita unachungulia nje ya ukuta, hauulizwi kitu.

Mimi sina ugomvi na umeme. Umeme haujawahi kunidanganya. Ugomvi wangu ni na hizi ndala pamoja na ukoo wake wote: ubao wa kusimamia, kitenge cha kushikia, mfuko wa plastiki wa kufungia, na ile solotepu ambayo kazi yake halali ni kufunga zawadi za harusi. Watu wa hapa wameamua kwamba vitu vyote duniani ni mafungu mawili, vinavyopitisha umeme na visivyopitisha, na kwamba vile visivyopitisha vimekula kiapo. Ukishakuwa mpira umekuwa mpira, uloane, uchakae, uungue, utabaki mwaminifu hadi kiyama.

Shuleni nako hawakutusaidia. Mwalimu alichora safu mbili ubaoni: vipitishi huku, vihami kule. Shaba, alumini, chuma. Mpira, kioo, plastiki, mbao kavu. Alisema "mbao kavu" kwa sauti, sote tukaandika "mbao kavu", kisha tukatoka darasani tumebeba mbao, "kavu" tukaiacha kwenye daftari.

Ngoja nieleze kwa lugha ninayoimudu, lugha ya kupanga. Atomu moja ya shaba ina elektroni 29. Zile 28 zimetulia ndani. Ya mwisho iko nje kabisa, na hiyo ni mpangaji asiye na mkataba: hana kabati, hana pazia, ana begi moja tu, ukimgusa bega amehamia kwa jirani. Ndani ya kipande cha waya wa shaba wapangaji wa aina hiyo hawahesabiki. Ukiwasha swichi wanaanza kusogea, tena kwa uvivu wa ajabu, chini ya milimita moja kwa sekunde. Na kwa umeme wetu wa majumbani hawafiki kokote, maana wanasukumwa mbele na kurudishwa mara 50 kila sekunde. Kinachokimbia ni ule msukumo wenyewe, na huo unakaribia mwendo wa mwanga. Ndiyo maana taa inawaka papo hapo wakati elektroni iliyotoka kwenye nguzo haijafika hata mlangoni, wala haitafika.

Mpira na plastiki ni nyumba nyingine kabisa. Huko elektroni zimelipa kodi ya mwaka mzima, zimetundika mapazia, zimefunga na king'amuzi. Huzihamishi kwa kubisha hodi. Lakini mpangaji aliyelipa mwaka naye anahamishika, inategemea nani kaja kubisha. Akija dalali wa mahakama na askari na lori la kubebea vyombo, wanatoka wote, mapazia na yote. Kwa upande wa umeme, dalali huyo ni volti. Hewa iliyo chumbani kwangu ni kihami kizuri tu, vinginevyo umeme ungeruka kutoka kwenye soketi ukanifuata kitandani. Ila ukiiwekea volti kama 3,000 kwa kila milimita, inasalimu amri na cheche inapita. Radi haina uchawi mwingine zaidi ya huo.

Hilo la radi limenigombanisha na shemeji yangu, mtu mzima mwenye gari, ambaye anaamini radi ikipiga, ndani ya gari mtu anaokolewa na matairi. Nikamwambia, shemeji, kitu kimepasua kilomita kadhaa za hewa kufika hapa, leo kisimamishwe na mpira wa unene wa shubiri moja? Tena tairi lenyewe limechanganywa masizi, kwa hiyo hata huo uhami wake una walakini. Kinachomkinga mtu ni bodi ya chuma, ambayo inaupitisha umeme kwa nje na kumwacha aliye ndani. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1836: alijenga chumba, akakizungushia metali, akaingia ndani mwenyewe, na umeme ukarindima nje asione kitu. Shemeji akanyamaza, akafikiri, akauliza, "Na bajaji je?" Bajaji ni turubai, shemeji. Kwenye bajaji omba dua.

Tuache ya mbinguni, turudi bafuni, maana huko ndiko ndala zinakotegemewa zaidi. Jirani yangu wa chumba cha mwisho ana hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Chuma chake kilichojiviringa kimeota magamba meupe ya chumvi, kishikio kimeyeyuka upande mmoja, na pale waya unapoingilia kuna kilemba cha solotepu kilichoshika vumbi na nywele. Kila alfajiri anaichomeka, anasubiri, kisha anachovya kidole majini kuona kama yamepata moto. Hita inawaka, mtu kasimama kwenye sakafu ya saruji iliyoloa, mkono mwingine kashika bomba la chuma. Ukimuuliza, anainua mguu mmoja akuonyeshe ndala.

Sasa maji. Maji safi kabisa, yasiyo na kitu ndani, hupitisha umeme kwa taabu sana. Lakini hayo ni ya maabara. Maji ya kisima chetu yana chumvi mpaka sabuni inagoma kutoa povu, na chumvi ikishayeyuka inagawanyika kuwa chembe zenye chaji ambazo kubeba umeme ndiyo kazi yao. Jasho nalo lina chumvi. Ngozi kavu inaweza kuupinga umeme kwa omu elfu kumi, hata laki moja. Ikiloa, ukinzani unashuka, na mwili mzima kutoka mkono hadi mguu unaweza kubaki na omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa 1,000 unapata ampea 0.23. Ikipita ampea 0.01 tu au kuzidi kidogo, misuli ya mkono inajikunja na hutaweza kuachia ulichokishika. Ikifika 0.1 moyo unaweza kusahau mapigo ukabaki kutetemeka. Na ndala? Soli yenyewe huenda bado ni kihami, silikatai hilo. Lakini imeloa juu, imeloa pembeni, imeloa chini, na vidole vya mguu vinaning'inia nje vinagusa saruji. Umeme hauna haja ya kutoboa mpira wakati maji yamejenga barabara ya kuuzunguka. Na hata soli ingekuwa nene mfano wa tofali, ule mkono ulioshika bomba haujavaa ndala.

Jambo hili la kujua nini kinazuia na nini kinapitisha halikugunduliwa na mtu mwenye cheo. Alikuwa mzee mmoja Mwingereza, Stephen Gray, mtia rangi nguo wa Canterbury, ambaye uzeeni aliishi kwa msaada katika Charterhouse, London. Mwaka 1729 alikuwa akisugua bomba la kioo mpaka likavuta vitu vyepesi, akataka kujua nguvu ile inaweza kusafiri umbali gani kwa kamba. Akaenda kwa rafiki yake mwenye nafasi, Granville Wheler, wakatandaza kamba ndefu, wakaitundika kwa nyuzi nyembamba za hariri. Ikakubali. Wakaamini siri ni wembamba: uzi mwembamba hauna nafasi ya kuvujisha. Kisha uzi mmoja wa hariri ukazidiwa na uzito, ukakatika. Wakaweka badala yake waya mwembamba wa shaba ya manjano, ulio imara zaidi. Umeme ukapotea wote, kamba ikabaki kamba.

Huo uzi uliokatika naupenda kuliko vitabu vyote vya fizikia. Walipoufuatilia wakajua kwamba si wembamba, ni kitu chenyewe. Hariri inashika, shaba inavujisha. Na wakiisha kujua hivyo wakaendelea kutundika kwa hariri hadi wakavuka mita 200. Mwaka uliofuata, 1730, Gray akamtundika mtoto wa kiume kwa kamba za hariri, kalala hewani kifudifudi, akamsogezea lile bomba la kioo miguuni, na vipande vya karatasi laini ya shaba ya manjano vikaruka kuufuata uso wake. Mtaani kwetu mama wa mtoto angefika na mwiko kabla jaribio halijaanza. Lakini angalieni alivyokaa mtoto yule: hakugusa sakafu, hakugusa ukuta, hakugusa bomba. Huko ndiko kuhamiwa. Wewe uliyesimama bafuni na kipande cha mpira chenye tundu mbele una nini cha kujilinganisha naye?

Mwisho wa yote kihami kinapimwa kwa mahali unapokiweka. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulizamishwa baharini kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Bahari ni chumvi tupu, kipitishi kikubwa kisicho na mwisho, na kati ya shaba na maji yale kulikuwa na ngozi ya gutapacha, utomvu wa miti ya Malaya uliokaushwa. Utomvu wa mti ukaizuia Bahari ya Hindi. Fundi wetu, pamoja na vifaa vyake vyote vya karne hii, ameshindwa na bafu.

Nimemtaja fundi, basi nimalize naye. Ni kijana mzuri, mwenye adabu, anakuita "mzee wangu" hata akiwa amekuzimia friji. Lakini anamenya waya kwa meno. Anaung'ata, anauvuta, anatema plastiki sakafuni, kisha anasokota nyuzi kwa vidole na kuzivika kipande cha mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara nzima Juni 2019. Sokoni sasa tunabebea nyanya kwenye mifuko mbadala, lakini ndani ya dari yetu ile ya zamani bado ipo kazini, imehifadhiwa vizuri kuliko nyaraka za serikali. Ukimwambia kuna tepu maalumu ya umeme, inauzwa duka la pili tu kutoka hapa, anakujibu, "Mzee wangu, plastiki ni plastiki." Si kweli. Plastiki ya waya wa nyumbani kwa kawaida imetengenezwa kustahimili nyuzijoto 70. Ile ya mfuko ilitengenezwa kustahimili mchicha.

Na joto lipo, tena tunalilea wenyewe. Jirani wa pasi, ambaye ananyoosha hadi taulo, amechomeka pasi, jagi la maji ya moto na friji kwenye ekstensheni moja iliyotengenezwa kwa waya wa spika. Jagi peke yake la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Waya mwembamba ni njia nyembamba, na hata shaba, pamoja na ukarimu wake wote, inapinga kidogo, na kupinga huko kunatoka kama joto. Shika ekstensheni ile wakati pasi inawaka uone ilivyo laini na vuguvugu, inanata vidoleni. Plastiki ikilainika, nyuzi mbili zinaanza kusogeleana. Siku zikikutana hakutakuwa na wa kuuliza habari za ndala.

Hata huo waya wenyewe siku hizi ni wa kuutilia shaka. Umeandikwa ni shaba, rangi yake ni ya shaba, bei yake ni ya shaba. Ukwangue kwa kisu uone: chini ni mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Hapo ndipo roho inaponiuma, maana shaba yenyewe inapita mlangoni kwetu. Malori yanatoka nayo Zambia na Kongo, yanavuka Tunduma, yanashuka mpaka bandarini Dar es Salaam, na reli ya TAZARA ilijengwa miaka ya 1970 sababu moja kubwa ikiwa shaba hiyohiyo. Inatupita imelala kwenye mabamba mazito, inapanda meli, halafu inaturudia ikiwa rangi ya kupaka juu ya alumini.

Simaanishi alumini haifai. Nyaya za juu ya nguzo ni alumini kwa sababu ya wepesi wake: inapitisha kama asilimia 60 ya kile kinachopitishwa na shaba ya unene uleule, lakini uzito wake ni chini ya theluthi moja. Ubaya wake uko kwenye maungio. Ukiikwangua tu ikapata hewa, inajivika ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo ni kihami. Yaani kipitishi kinajifungia mlango chenyewe! Fundi akisokota alumini na shaba kwa vidole, mahali hapo panaanza kugoma, panapata moto, panalegea, panapata moto zaidi. Ndiyo ile taa inayokonyeza kila mwenye jagi akichomeka, na mwenye nyumba anasema ni mambo ya kawaida, "umeme mdogo."

Nguzoni angalau kuna watu waliofikiri. Tazama vile vikombe vya kauri vinavyoshika nyaya kubwa, vilivyopangwa na kingo zilizochomoza. Zile kingo si urembo. Mvua ikinyesha inalowesha juu, lakini chini ya kila ukingo panabaki pakavu, na umeme unaotaka kutambaa kutoka kwenye waya hadi kwenye nguzo unalazimika kupanda na kushuka njia ndefu iliyokatikakatika. Aliyetengeneza kombe lile alilikumbuka neno "kavu". Shida yetu wa pwani ni upepo wa bahari, unaolipaka chumvi na vumbi. Ikija mvua ya kumwaga, linaoga na kupona. Yakija manyunyu, tope la chumvi linalowana bila kuoshwa, na usiku unasikia nguzo ikichemka chii-chii-chii, kisha mtaa mzima giza. Wabishi wa kijiweni hawaelewi kwa nini mvua ndogo inazima umeme kuliko kubwa. Nimewaeleza. Wakaniambia ni hujuma.

Kunguru nao wanaishi juu ya waya usio na plastiki, hawana ndala na wananenepa, kwa sababu miguu yote miwili iko kwenye waya uleule na hakuna kinachousukuma umeme upande wowote mwilini mwao. Kunguru anayetanua bawa likagusa waya wa pili tunamjua kwa mlio, na kwa kukosa taarifa ya habari.

Kuna na mafuta ya transfoma. Mle ndani nyaya zimezamishwa kwenye mafuta yanayopoza na kuhami kwa pamoja, na kadiri yalivyo makavu na safi ndivyo yanavyofaa. Nchini Kenya magazeti yameandika mara nyingi kuhusu wezi wanaoyakamua na kuyauza kwa wakaanga chipsi, kwa kuwa hayaishi haraka kikaangoni. Transfoma ikikosa mafuta inaungua, na aliyekula chipsi amemeza kihami. Sasa huyo naamini ana haki ya kujiona amekingwa kuliko mwenye ndala.

Kinga ya kweli ipo na inauzwa, nayo ndiyo chanzo cha uhasama uliopo nyumbani kwa sasa. Wapangaji wengi wanategemea fyuzi. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Kumbuka wewe uliyeloa unapitisha 0.23, ambayo kwa volti 230 ni kama wati 53. Kwa fyuzi wewe ni balbu. Inakuona umewaka, inaendelea na kazi. Fyuzi iliwekwa kuulinda waya usiungue, na waya utapona kabisa, utarithiwa na mpangaji mwingine. Kinachomlinda mtu ni ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ikiona ampea 0.03 zimetoka na hazikurudi, inajua zimepitia kwa mtu au mahali pasipostahili, inakata kabla hujamaliza kupiga kelele.

Nikamfuata mwenye nyumba na habari hiyo. Akasikiliza vizuri, akauliza bei, akasema nyumba aliijenga yeye, umeme aliuvuta yeye, na tangu hapo hajafa mtu, waliopigwa shoti wote wako hai na wanadaiwa kodi. Akashauri tuchangishane. Tukakaa uani jioni, tena na viti vikaletwa. Jirani wa hita alisema yuko tayari. Mama wa vitumbua alisema yeye anatumia mkaa, kwa hiyo achangie nusu. Kisha mmoja akasema wachangie zaidi wanaotumia umeme zaidi, na hapo macho yote yakamgeukia mwenye pasi. Akasimama, akasema kama ni hivyo tuanze kwanza na hesabu ya umeme wa LUKU wa mwezi uliopita, maana kuna watu wanalala na feni mbili na hawasemwi. Breka haikutajwa tena. Kikao kimeahirishwa hadi mwisho wa mwezi, na ajenda ya kwanza ni feni.